Visva-Bharati ya Santiniketan: Historia ya Chuo Kisichotaka Kuta

Santiniketan ni mji mdogo wa chuo kikuu ulioko wilaya ya Birbhum, katika jimbo la Bengal Magharibi nchini India, kilomita zipatazo 160 kutoka Kolkata na karibu na kituo cha reli cha Bolpur, mahali ambapo uwanda wenye rutuba wa mto Ganges unakoma na nchi kavu ya udongo mwekundu inaanza. Udongo huo, uitwao lateraiti, umesheheni chuma na kokoto ngumu, na kwa kuwa haushiki maji, mvua zinazoletwa kila mwaka na pepo za kusi zimeuchimba makorongo ambayo Wabengali huyaita khoai. Hapakuwa na sababu ya kilimo wala ya biashara ya kukipeleka chuo kikuu mahali kama hapo. Kilichokipeleka ni maamuzi ya baba na mwanawe, Debendranath na Rabindranath Tagore, yaliyochukua karibu miaka 60 kukomaa, na hoja inayoongoza sura hii ni kwamba ukavu wa nchi hiyo pamoja na ufukara wa kudumu wa chuo chenyewe ulichangia kuiumba sanaa yake kwa kiasi kisichopungua mchango wa umaarufu wa mshairi aliyekiasisi.

Debendranath Tagore (1817–1905) alikuwa mtoto wa Dwarkanath, tajiri mkubwa wa Kolkata, lakini heshima yake ilitokana na uongozi wake katika Brahmo Samaj, yaani jumuiya ya mageuzi ya dini iliyoanzishwa na Rammohun Roy mwaka 1828, ambayo ilimwabudu Mungu mmoja asiye na umbo na kukataa ibada ya masanamu. Mwaka 1863 alipangishwa kwa kudumu, na kabaila wa kijiji jirani cha Raipur, kiwanja cha bigha 20, kipimo cha Kibengali ambacho kwa jumla hiyo kinakaribia ekari saba, penye miti miwili ya chhatim ambayo chini yake alizoea kukaa na kutafakari. Hapo alijenga nyumba ya wageni akaiita Santiniketan, maana yake makao ya amani, na jina la nyumba likaja kuwa jina la mji. Mwaka 1888 aliiandikia hati ya wakfu iliyomruhusu mtu wa tabaka lolote na dini yoyote kuja kumwabudu Mungu mmoja, iliyokataza sanamu, nyama, pombe na maneno ya kukashifu imani ya mwingine, na iliyowaagiza wadhamini waandae gulio kila mwaka. Ukumbi wa ibada, uliojengwa kwa chuma na vioo vya rangi, ulizinduliwa mwaka 1891, na gulio la kwanza likafanyika mwaka 1894. Matukio hayo yote mawili yalifungamanishwa na tarehe 7 ya mwezi wa Poush katika kalenda ya Kibengali, ambayo huangukia karibu na Desemba 22, kwa kuwa katika siku hiyo ya mwaka 1843 Debendranath alikuwa amekula kiapo cha kuingia katika jumuiya yake. Chuo bado kinaiheshimu tarehe hiyo, kama kinavyoiheshimu Jumatano, siku ya ibada ya pamoja ukumbini, ambayo kwa sababu hiyo ndiyo siku ya mapumziko ya juma badala ya Jumapili.

Rabindranath, aliyezaliwa Mei 7, 1861, alipelekwa Santiniketan na baba yake kwa mara ya kwanza mwaka 1873, akiwa bado mtoto. Alikuwa amepitia shule kadhaa za Kolkata bila kumaliza hata moja, na maandishi yake ya baadaye kuhusu elimu yanarudi mara kwa mara kwenye lawama ileile, kwamba shule za kikoloni zilimfungia mtoto ndani ya kuta nne, zikamfundisha kwa lugha asiyoiota, na kumwandaa kwa kazi ya ukarani. Desemba 22, 1901, alifungua shule yake ikiwa na wanafunzi watano, mmoja wao akiwa Rathindranath, mwanawe wa kumzaa. Masomo yalifanyika chini ya miti, mwalimu na wanafunzi wakiketi chini katika duara, kwa lugha ya Kibengali, huku majira ya mwaka yakihesabiwa kuwa sehemu ya mtaala. Ni vema kusema wazi kwamba shule hiyo haikuanza ikiwa huru kama ilivyokuja kusifiwa. Tagore aliiga kielelezo cha kale cha brahmacharya, yaani maisha ya nidhamu na kujinyima ya mwanafunzi aishiye na mwalimu wake, na katika miaka ya mwanzo taratibu za tabaka za Kihindu zilizingatiwa hata wakati wa chakula. Aliziacha polepole, kadiri fikra zake zilivyopanuka, na katika muongo wa kwanza wasichana nao wakaanza kupokelewa.

Gharama za miaka hiyo zilikuwa za fedha na za uhai. Mkewe, Mrinalini Devi, aliuza mapambo yake ya dhahabu ili shule iendelee, kisha akafariki Novemba 1902, kabla shule haijatimiza mwaka mmoja. Mwaka 1903 alifariki binti yao Renuka, mwaka 1904 alifariki kwa ndui mwalimu kijana mwenye kipaji, Satish Chandra Roy, mwaka 1905 Debendranath mwenyewe, na mwaka 1907 Samindranath, mtoto wa mwisho wa Rabindranath. Samindranath, aliyekuwa bado mvulana mdogo, ndiye aliyeandaa mapema mwaka huo sherehe ya majira ambayo wengi huiona kuwa chimbuko la Basanta Utsav, sikukuu ya majira ya kuchipua ambayo kwa miaka mingi iliwaleta maelfu ya watu Santiniketan, wakiwa wamevaa nguo za rangi ya manjano.

Tuzo ya Nobel ya Fasihi, aliyopewa Tagore mwaka 1913 kwa kutambua hasa mkusanyiko wake wa Gitanjali, iliibadili shule hiyo ya porini kuwa jina lililojulikana duniani. Fedha za tuzo ziliwekwa katika benki ya wakulima aliyoianzisha Patisar, kwenye mashamba ya ukoo wake, ili wakulima wapate mikopo nafuu na riba iihudumie shule, mpango uliobeba nia njema lakini ambao haukudumu, kwa kuwa benki yenyewe ilikuja kuanguka. Mwaka 1914 walijiunga na shule Waingereza wawili, Charles Freer Andrews na William Pearson, ambao walikuwa wameguswa na mashairi yake kama walivyoguswa na madhila ya Wahindi waliopelekwa ng'ambo kama vibarua wa mikataba. Mwishoni mwa mwaka huohuo walifika wanafunzi wa makazi ya Phoenix, yaliyoanzishwa na Mohandas Gandhi huko Afrika Kusini, na mapema mwaka 1915 Gandhi mwenyewe akafuata, akawashawishi wanafunzi na walimu wapike, wafue na wasafishe vyoo kwa mikono yao bila watumishi. Jaribio hilo halikuendelea siku nyingi, lakini kila Machi 10 chuo hulikumbuka kwa kuwapa wafanyakazi mapumziko, na kazi zao kufanywa na wanafunzi pamoja na walimu.

Andrews anastahili neno la ziada kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Akiwa na makazi yake Santiniketan, alisafiri hadi Kenya na Uganda mwishoni mwa mwaka 1919 na tena mwaka 1921, wakati mgogoro wa haki za Wahindi na ardhi ya nyanda za juu ulipokuwa umepamba moto, na kwa sababu ya msimamo wake walowezi wa Kizungu walimshambulia akiwa ndani ya treni ya reli ya Uganda. Kasisi huyo wa zamani wa Kianglikana hakuona mpaka kati ya kufundisha chini ya mwembe huko Birbhum na kutetea wanyonge katika koloni la mbali, na katika jambo hilo aliuishi moyo wa taasisi yake kuliko wengi walioandika vitabu kuihusu. Tagore naye, baada ya Italia kuivamia Ethiopia, alitunga mwaka 1937 shairi kuhusu bara la Afrika na dhuluma liliyotendewa.

Wazo la kuigeuza shule kuwa chuo kikuu lilizaliwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Katika mihadhara yake ya mwaka 1916 na 1917 huko Japani na Marekani, Tagore aliushutumu utaifa wa kujitanua kuwa ndio mzizi wa mauaji yaliyokuwa yakiendelea Ulaya, na alirejea akiwa na azma ya kuanzisha mahali ambapo wasomi wa Mashariki na wa Magharibi wangekutana bila bwana na mtumwa. Jiwe la msingi liliwekwa Desemba 1918, na Desemba 23, 1921, chuo kilizinduliwa rasmi kwa jina la Visva-Bharati, chini ya uenyekiti wa mwanafalsafa Brajendranath Seal. Kaulimbiu yake, iliyotolewa katika maandiko ya kale ya Kisanskriti, inaufananisha ulimwengu na ndege wanaokutana katika kiota kimoja. Wakati wa uzinduzi ulikuwa mgumu kuliko tarehe inavyoonyesha, kwa maana mwaka uliotangulia Gandhi alikuwa ameitisha harakati ya kutoshirikiana na serikali ya Waingereza, iliyowataka vijana wasusie shule na vyuo vya serikali, na wazalendo wengi hawakuelewa ni vipi mshairi aliyerudisha cheo cha heshima alichopewa na Mwingereza mwaka 1919, kupinga mauaji ya Amritsar, angewaalika sasa maprofesa kutoka Ulaya. Jibu la Tagore lilikuwa kwamba kuikataa dhuluma ya taifa fulani hakumlazimishi mtu kuikataa elimu yake. Akaja Sylvain Lévi kutoka Paris, bingwa wa masomo ya Kihindi na Kibudha, akafuatwa na Moriz Winternitz wa Prague, Stella Kramrisch aliyefundisha historia ya sanaa, na Giuseppe Tucci wa Italia. Ujio wa Tucci na mwenzake Carlo Formichi uliletwa na ukarimu wa serikali ya Mussolini, na ukarimu huo ulimponza Tagore, kwa sababu ziara yake ya Italia ya mwaka 1926 ilitumiwa na magazeti ya Kifashisti kana kwamba ameusifu utawala huo, hadi akalazimika kuukana hadharani.

Hata hivyo, kama kuna idara moja ambayo kwayo Santiniketan ilibadili kweli historia ya India, ni Kala Bhavana, yaani nyumba ya sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1919. Shule za sanaa za serikali huko Kolkata, Bombay na Madras zilikuwa zimewafundisha Wahindi kunakili vinyago vya plasta vya Kigiriki, na wapinzani wao wazalendo nao walikuwa wameanza kunaswa katika kunakili, safari hii michoro ya kale ya India yenyewe. Nandalal Bose (1882–1966), aliyeongoza Kala Bhavana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920 hadi mwaka 1951, alikuwa amelelewa na wazalendo hao na aliwahi kushiriki katika kazi ya kunakili michoro ya mapango ya Ajanta, lakini Santiniketan alitafuta njia nyingine. Aliwatoa wanafunzi nje wakachore ng'ombe, mitende, makorongo ya khoai na wachuuzi wa gulio, akisisitiza kwamba atakayeuchora mti sharti kwanza ajue jinsi unavyosimama na kubeba uzito wake. Aliwaalika mafundi wa Jaipur kuonyesha ufundi wao wa kuchora juu ya chokaa mbichi, akiwaketisha wasanii wasomi mbele ya wajenzi wasio na cheti. Aliichukua pia alpana, michoro ambayo wanawake wa Kibengali huichora sakafuni kwa uji wa unga wa mchele siku za ibada na harusi, akaifanya somo linalofundishwa na wanawake wenyewe. Tendo hilo la mwisho lilikuwa na uzito mkubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu lilitangaza kwamba mkono wa mama wa kijijini una elimu ambayo chuo kikuu kinapaswa kujifunza.

Chuo hakikuwa na fedha za marumaru wala shaba, na hapo ndipo hoja ya ufukara inapodhihirika. Nyumba Nyeusi, bweni la wanafunzi wa sanaa lililojengwa katikati ya miaka ya 1930, ilisimamishwa kwa udongo, ikapambwa kwa michoro ya kuchomoza iliyofinyangwa na wanafunzi na walimu ukutani palepale, kisha ikapakwa lami ili kuzuia mvua, na lami hiyo ndiyo iliyoipa jina. Mwaka 1935 nyumba ya Shyamali ilijengwa kwa ajili ya Tagore mwenyewe kwa mtindo huohuo wa udongo, kwa usanifu wa Surendranath Kar na mapambo ya Nandalal na wanafunzi wake, mshairi akitaka kuonyesha kwamba nyumba ya gharama ndogo ingeweza kuwa na heshima. Mchongaji Ramkinkar Baij (1906–1980), mtoto wa familia maskini ya Bankura, alikwenda mbali zaidi. Alichanganya saruji na kokoto nyekundu za lateraiti, akazirusha kwa mkono juu ya kiunzi cha chuma, kisha akachonga kabla mchanganyiko haujakauka, na kwa njia hiyo akapata sanamu zenye ngozi ileile ya ardhi zinakosimama.

Sanamu yake ya mwaka 1938, iitwayo Familia ya Kisantali, inaonyesha mume aliyembeba mtoto katika kapu la mzega, mke aliyejitwika mzigo kichwani na mbwa anayefuatana nao, wote wakihama kutafuta kazi. Wasantali ni miongoni mwa watu wa asili wa India, waliokuwa wakilima na kufanya vibarua kandokando ya chuo muda wote huo, na kabla ya Ramkinkar hakuna aliyekuwa amewasimamishia sanamu ya hadhara kwa kimo kinachozidi kile cha binadamu, cheo ambacho hadi wakati huo kilikuwa cha wafalme, magavana na miungu. Katika kazi yake ya mwaka 1956 wanawake wawili wanakimbilia kinu cha mpunga baada ya king'ora kulia, nguo zao zikipeperushwa na upepo, na mtoto akiwakimbilia nyuma. Wakosoaji wengi huhesabu kazi hizo kuwa mwanzo wa uchongaji wa kisasa wa India, na hukumu hiyo ni ya haki, mradi isisahaulike kwamba usasa huo ulitokana na fundi aliyetumia kokoto kwa sababu ndizo alizozipata.

Benode Behari Mukherjee (1904–1980), mwanafunzi kisha mwalimu wa Kala Bhavana, alizaliwa na macho dhaifu sana, jicho moja likiwa halioni kabisa, na bado akachora kazi ambayo pengine haina mfano katika sanaa ya India ya karne iliyopita. Kati ya 1946 na 1947, miezi ambayo Bengal ilikuwa ikichinjana kwa chuki za kidini na nchi ikielekea kugawanywa, alichora kwenye kuta za Hindi Bhavana, idara ya masomo ya Kihindi, maisha ya watakatifu washairi wa zama za kati, miongoni mwao Kabir, mfumaji ambaye Wahindu na Waislamu wote humhesabu kuwa wao. Watu katika mchoro huo wanapita kama mto usio na mwanzo, wengine wakilima, wengine wakifuma, wengine wakihubiri, na mtakatifu hatofautishwi na kibarua kwa ukubwa wala kwa rangi. Mwaka 1957 alipoteza uwezo wake wote wa kuona, lakini aliendelea kuumba kwa karatasi zilizokatwa na kwa vigae. Satyajit Ray, aliyesoma Kala Bhavana kati ya 1940 na 1942 kabla hajawa mwongozaji filamu mashuhuri, alimtengenezea mwalimu wake filamu mwaka 1972. Taifa huru nalo liliikumbuka idara hiyo, na hati asilia ya Katiba ya India iliyotiwa saini Januari 1950 ilipambwa kwa mkono na Nandalal pamoja na wanafunzi wake.

Muziki na ngoma vilipata nyumba yao ya Sangit Bhavana, na huko mapambano yalikuwa na jamii zaidi kuliko na uhaba wa vifaa. Katika Bengal ya miaka ya 1920 msichana wa ukoo wenye heshima hakupanda jukwaani kucheza, kwa kuwa ngoma ilihesabiwa kazi ya wanawake wasiostahiwa. Tagore alikuwa ameiona ngoma ya Manipur akiwa Sylhet mwaka 1919, akaleta walimu wake Santiniketan, na mwaka 1926 Gouri, binti wa Nandalal, alicheza sehemu kuu ya tamthilia ya Natir Puja mbele ya watazamaji, jambo lililozua minong'ono na pia kufungua mlango usiofungika tena. Pratima Devi, mke wa Rathindranath, alisimamia kwa miaka mingi maandalizi ya tamthilia za ngoma, kazi ambayo wanahistoria wa chuo hawajaipa nafasi inayostahili kwa sababu jina la mshairi huyafunika majina ya waliomzunguka.

Kilomita chache kutoka hapo, katika kijiji cha Surul, ilianzishwa Februari 6, 1922, taasisi ya ujenzi mpya wa vijiji iliyopewa jina la Sriniketan. Tagore alikuwa amempeleka Rathindranath kusomea kilimo katika Chuo Kikuu cha Illinois, akiamini kwamba elimu isiyoushughulikia umaskini wa mkulima ni anasa, lakini aliyeipa taasisi hiyo mwendo wake wa kwanza ni Mwingereza Leonard Elmhirst, mtaalamu wa kilimo, kwa fedha za Dorothy Straight wa Marekani, ambaye baadaye alikuja kuwa mkewe. Walikuta vijiji vilivyodhoofishwa na malaria, ardhi iliyochoka, na wakulima waliofungwa na madeni ya wakopeshaji. Wakaanzisha vyama vya ushirika vya afya, vikundi vya vijana wa kuzima moto na kufukia madimbwi, mafunzo ya ufumaji, ufinyanzi na kazi za ngozi, na mwaka 1924 shule ya watoto wa vijijini iitwayo Siksha Satra. Batiki, ambayo Tagore na Surendranath Kar waliiona katika safari ya Java mwaka 1927, iliingizwa katika mafunzo hayo, na mikoba ya ngozi yenye nakshi inayouzwa leo Bolpur ina asili yake hapo. Kwa wanafunzi wa kilimo waliozoea kumwona mkulima kama mtu wa kuelekezwa, sherehe ya kulima, ambamo ng'ombe wa jembe hupambwa na wakuu wa chuo hushika mpini, ilikusudiwa kuwa somo.

Yote hayo yaliendeshwa kwa deni. Serikali ya kikoloni haikukitambua chuo kuwa chuo kikuu, Tagore hakutaka msaada ambao ungemnyima uhuru, na kwa hiyo mzee aliyekuwa amepita umri wa miaka sabini alizunguka miji ya India na kundi la wacheza ngoma akikusanya ada ya viingilio. Mwaka 1936 Gandhi alimkuta Delhi katika shughuli hiyo, akasikitika, na kumtafutia kwa wafadhili wasiojitaja majina rupia 60,000 zilizolipa deni la wakati huo. Mwaka uliofuata ilifunguliwa Cheena Bhavana, idara ya masomo ya Kichina, kwa juhudi za msomi Tan Yun-Shan na misaada kutoka China, wakati vyuo vingi vya India vilikuwa vikiitazama Ulaya zaidi. Chuo Kikuu cha Oxford kilimtunuku Tagore shahada ya heshima mwaka 1940 kwa kuwatuma wawakilishi wake hadi Santiniketan, kwa kuwa mgonjwa hakuweza kusafiri. Mapema mwaka huohuo alikuwa amemkabidhi Gandhi barua ya kumwomba aitunze Visva-Bharati baada yake, na Agosti 7, 1941, akafariki Kolkata.

Ombi hilo lilijibiwa na Bunge. Kwa sheria ya mwaka 1951 Visva-Bharati ilifanywa chuo kikuu cha serikali kuu na taasisi yenye umuhimu wa kitaifa, Jawaharlal Nehru akawa Mkuu wa Chuo wa kwanza, na Rathindranath Makamu Mkuu wa kwanza. Tangu wakati huo cheo cha Mkuu wa Chuo, kiitwacho Acharya, kimeshikwa kwa kawaida na Waziri Mkuu wa India, miongoni mwao Indira Gandhi, ambaye alikuwa mwanafunzi hapo mwaka 1934 na 1935. Mchumi Amartya Sen, aliyezaliwa Santiniketan mwaka 1933, akapewa jina na Tagore na kusoma katika shule yake, ameeleza mara nyingi jinsi malezi hayo yalivyomfundisha kudadisi bila kuogopa mtihani. Bila sheria hiyo chuo huenda kingekufa. Pamoja nayo zikaja mishahara ya uhakika na shahada zinazotambulika, lakini pia mihula, alama na vigezo vya kitaifa ambavyo mwasisi alivikwepa maisha yake yote, na ni haki kusema kwamba mafanikio makubwa ya kisanii ya taasisi yalipatikana zaidi kabla ya uhakika huo kuliko baada yake.

Mgeni anayefika leo kwa treni kutoka kituo cha Howrah bado anawakuta watoto wa shule ya Patha Bhavana wakisoma chini ya miembe. Katika eneo la Uttarayan anaweza kuona nyumba kadhaa ambazo Tagore alizihama moja baada ya nyingine, na katika gulio la Poush huwasikia Wabauli, waimbaji wa Bengal wanaozunguka na ala ya uzi mmoja na ambao imani yao haina hekalu wala msikiti. Mahafali hufanyika kiasili kwenye bustani ya miembe, na mhitimu hukabidhiwa jani la chhatim. Machi 2004 nishani ya Nobel iliibwa katika makumbusho ya chuo, na tangu hapo ulinzi, nyua na milango vimeongezeka. Mwaka 2020 jaribio la kuzungushia ukuta uwanja wa gulio lilizua vurugu, kwa kuwa wakazi wengi waliona kwamba uwanja huo ni wa watu wote kwa wosia wa Debendranath, ilhali uongozi ulitaja wajibu wake wa kuilinda mali ya chuo. Katika mvutano huo haki ya wakazi ina mizizi ya kina zaidi, kwa sababu gulio liliandikwa katika hati ya wakfu miaka 13 kabla ya shule kuwepo.

Septemba 2023 kikao cha UNESCO kilichofanyika Riyadh kiliiandikisha Santiniketan katika orodha ya Urithi wa Dunia. Uandikishaji huo umeleta kazi ngumu ya kuhifadhi majengo ambayo hayakukusudiwa kudumu karne nzima, kwani udongo wa Shyamali na lami ya Nyumba Nyeusi huhitaji kukarabatiwa baada ya misimu ya mvua, na saruji ya Ramkinkar inapasuka chuma chake kinapopata kutu. Kazi hiyo inahitaji mafundi wanaojua kukanda udongo kama walivyojua walioujenga, na Kala Bhavana ina sababu ya kuwafundisha. Desemba 1 na 2 ya kila mwaka, kuelekea siku ya kuzaliwa ya Nandalal, idara hiyo huendesha Nandan Mela, gulio lililoanzishwa mwaka 1973, ambapo walimu na wanafunzi huuza picha, vyungu, kalenda na mapambo waliyoyatengeneza wenyewe, na mapato yake huingia katika mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wasio na uwezo.